Boga Lililowakimbiza Watoto: Halloween Ndani ya Nyumba Zetu

Hotuba kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Des Moines, Iowa

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama na akina baba, Bwana Yesu asifiwe, na asalaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu. Vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango, sogeeni, viti vipo. Nawashukuru hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa kabla hata ya kulala. Najua mwili unavyouma.

Nimeombwa nizungumzie Halloween, ule usiku wa mwisho wa Oktoba ambao watoto wa huku huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, na tayari naona ukumbi umegawanyika. Wamo wazazi wanaoulizwa kila siku, "Mama, mwaka huu nitavaa nini?" na hawajui waanzie wapi. Wamo pia wanaosema moyoni, "Haya ni mambo ya mashetani, sisi yanatuhusu nini?" Nawaheshimu wote. Sikuja kushindana na mchungaji wa mtu wala sheikh wa mtu. Kama nyumbani kwenu mmeamua kwamba siku hiyo haiadhimishwi, zimeni taa ya kibarazani. Watoto wa huku wanajua kwamba nyumba iliyozima taa haibishwi hodi, na hakuna jirani atakayekununia kwa hilo. Lakini msiondoke bado, maana sehemu kubwa ya nitakayosema inafaa jioni yoyote ya giza ambayo watoto wako nyumbani.

Ninalotaka tukubaliane ni hili. Watoto wetu wataikuta Halloween tu, tupende tusipende: darasani, kwenye basi la shule, kwenye rafu za maduka tangu Septemba. Kilicho mikononi mwetu ni kuhakikisha kwamba wakirudi, wakafunga mlango na kuvua viatu, wanakuta ndani ya nyumba yao furaha kubwa kuliko ile ya dukani. Na vifaa vya furaha hiyo tulikuja navyo wenyewe. Hatukuviacha kwenye kambi za wakimbizi, wala havikupotea uwanja wa ndege.

Kwanza niseme kidogo ilikotoka, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutojua. Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Wakatoliki mliomo humu mnaijua tarehe 1 Novemba, na mnaijua tarehe 2, siku ya kuwaombea marehemu wote. Mila nyingine ni za kale zaidi, za wakulima wa Ireland waliokuwa wakimaliza mavuno na kuingia msimu wa baridi, wakiamini kwamba usiku huo mizimu hutembea. Baadaye watu wa huko wakawa wanachonga turnipu, ule mzizi mgumu, wanauchimba ndani na kuuwekea moto ili kuifukuza mizimu. Njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 ikawasukuma watu wa Ireland kwa mamia ya maelfu kuvuka bahari hadi Marekani, na huku wakakuta boga: kubwa, laini, rahisi kuchonga kuliko turnipu. Basi hilo boga linalowaka kwenye kibaraza cha jirani yako mila yake ililetwa na watu waliokimbia njaa, wakafika nchi ngeni, wakachukua kilichokuwapo sokoni na kuendeleza ya kwao. Nani humu ndani hajafanya hivyo? Ni mara ngapi tumepika spinachi tukaiita matembele, na watoto wakala wakashiba?

Sasa njooni hapa hapa Des Moines, maana mji wetu una jambo ambalo miji mingi ya Marekani haina. Huku mtoto akibisha hodi hapewi pipi hivi hivi. Anatakiwa kwanza aseme kichekesho. Mila hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati vijana walikuwa wakiutumia usiku wa Halloween kuvunja vioo na kuharibu mali za watu. Viongozi wa mji wakatenga jioni ya watoto wadogo, ikaitwa Beggars' Night, yaani Usiku wa Waombaji, na wakataka mtoto aimbe, akariri shairi au aonyeshe mchezo fulani, ndipo apewe chochote. Huko Uskoti nako watoto tangu zamani huimba au kukariri mlangoni kabla ya kupokea zawadi. Kwa miaka mingi jioni yetu ilikuwa tarehe 30 Oktoba, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Siku hizi tarehe haitabiriki kama zamani na miji ya pembeni haiendi pamoja, kwa hiyo someni tangazo la mji mnakokaa kabla hamjamvalisha mtoto.

Lakini wazazi, mmesikia nilichosema? Mtoto anasimama mlangoni kwa mtu, anatoa maneno ya kumfikirisha au kumchekesha mwenye nyumba, mwenye nyumba anajaribu kujibu, kisha anatoa zawadi. Huu si mchezo tuliokua nao sisi? Kitendawili! Tega! Ndugu zetu wa Burundi wanasema Sokwe, wanajibiwa Niruze. Wanyarwanda wanasema Sakwe sakwe, wanajibiwa Soma. Kila mtu humu ndani, awe wa Uvira, Kigoma, Mombasa au Bujumbura, alifundishwa mchezo huu na bibi yake kabla hajajua kusoma. Halafu tunawaacha watoto wetu wasimame mlangoni kwa jirani wakitazama viatu vyao kwa sababu hawana la kusema, au wanasema kile kichekesho kimoja cha mifupa ambacho jirani amekisikia jioni hiyo kutoka kwa kila mtoto aliyepita.

Fanyeni hivi. Juma zima kabla ya siku hiyo, baada ya chakula cha jioni, tegeaneni vitendawili. Chagueni vile vya usiku. "Kila niendapo ananifuata." Kivuli. "Huku ng'o na huko ng'o." Giza. "Blanketi la babu lina chawa wengi." Mbingu na nyota. Hicho cha blanketi ndicho watoto wangu wanakipenda kuliko vyote, kwa sababu kina chawa na kina babu. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Mtoto akishindwa, aombwe mji kama ilivyo desturi: "Nipe mji." Na hapo mzazi una nafasi ya dhahabu. Mtoto aliyezaliwa hapa Iowa akisema "Nakupa Bukavu," wewe unasema, "Nimekwenda Bukavu, nikapanda hadi juu nikaliona Ziwa Kivu lote, nikala samaki wadogo wale wa sambaza na ugali, nikasalimiana na watu wote wa Bukavu wakaniuliza mbona umechelewa." Mtoto atataka kutoa mji mwingine ili tu akusikie unavyosafiri. Hujafungua kitabu wala hujawasha simu, na mtoto amejifunza Bukavu iko wapi na inanukia nini.

Kisha mfundisheni kukisema kwa Kiingereza. Vitendawili hivi vinavuka vizuri. Mwaka jana nilikuwa nimewasindikiza watoto wa jengo letu, na kati yao alikuwamo kijana mdogo wa familia ya Kirundi, mpole, ambaye shuleni haongei sana. Tulifika kwa mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa amekaa kibarazani na bakuli la pipi mapajani. Mtoto akameza mate, akasema kwa Kiingereza: blanketi la babu yangu lina chawa wengi, nini hicho? Mzee akakaa kimya. Akajaribu mbwa. Akajaribu zulia. Akamwita mke wake atoke ndani, na mama yule akatoka na taulo la jikoni mkononi, naye akashindwa. Mtoto akanyoosha kidole juu. Wakatazama wote, na usiku ule anga lilikuwa safi. Yule mzee akampa konzi nzima ya pipi, akamwomba arudie ili akariri, maana anataka kuwategea wajukuu zake siku ya Shukrani. Sijaona mtoto akitembea kwa maringo namna ile. Nyumba zote zilizofuata alitangulia yeye.

Hilo ni la mlangoni. La ndani ya nyumba ni kubwa zaidi, nalo ni hadithi.

Watoto wanapenda kuogopa. Wanapenda kuogopa wakiwa wamekaa mapajani mwa mtu ambaye wana hakika hatawaacha. Dukani wanauziwa hofu ya plastiki, na sisi tunao mazimwi. Hebu niwakumbusheni ngano moja ya pwani, kwa kuwa nimegundua vijana wengi humu hawaijui, na sijui ngano yoyote inayoufaa usiku huu kuliko hii.

Paukwa!

Nashukuru, bado mnajibu. Hapo zamani wasichana walikwenda ufukweni kuokota simbi, yale makombe madogo ya baharini. Mmoja akaokota simbi nzuri kuliko zote, akaiweka juu ya mwamba ili isivunjike, akaendelea kuokota. Wakati wa kurudi akaisahau. Walipofika katikati ya njia akaikumbuka, akawaomba wenzake wamsindikize, wakakataa. Akarudi peke yake huku akiimba ili ajitie moyo. Juu ya ule mwamba akamkuta zimwi amekaa. Zimwi akamwambia, "Sauti yako nzuri, sogea nikusikie vizuri." Aliposogea akamdaka, akamtia ndani ya ngoma, akaiwamba ngozi. Toka siku hiyo zimwi akawa anazunguka kijiji hata kijiji, nyumba hata nyumba. Anabisha hodi, anasema, "Nipeni chakula, niwapigie ngoma yangu." Akiipiga, mtoto ndani anaimba, na watu wanashangaa ngoma gani hii yenye sauti ya mtu. Wanampa kuku, wanampa wali.

Mnaona? Zimwi anapita nyumba kwa nyumba akiomba chakula, na anatoa mchezo ndipo apewe.

Siku moja akafika kijijini kwa yule msichana bila kujua. Akapiga ngoma, na wazazi wakaitambua sauti ya mtoto wao. Hawakupiga kelele. Wakamkaribisha zimwi, wakampikia, wakamnywesha pombe mpaka akalala. Wakafungua ngoma, wakamtoa mtoto, wakatia nyuki na siafu na nyoka, wakaiwamba tena kama ilivyokuwa. Zimwi alipoamka akaenda zake, akapiga ngoma kijiji cha mbele, ngoma haikuimba. Akaifungua. Yaliyompata mnayajua, na mkisimulia msiharakishe hapo, waacheni watoto wahesabu nyuki.

Zimwi akafa. Na mahali pale alipofia ukaota mmea wa boga, ukazaa maboga makubwa ambayo hayajapata kuonekana. Wakapita watoto, wakasema, "Tazama boga lile! Twendeni tukachukue upanga wa baba tulipasue." Boga likasikia. Likakasirika. Likajikata shinani, likaanza kuviringika kuwafuata. Watoto mbio, boga nyuma. Wakafika mtoni, wakamlilia mwenye mtumbwi, "Tuvushe, tuvushe, tunakimbizwa na boga!"

Sasa fikirini mtoto wenu amekaa sebuleni, taa zimezimwa, mbele yake liko boga mlilochonga wote mchana, linawaka macho mekundu, na baba anasema kwa sauti ya chini, "Boga likasikia." Hakuna duka linaloweza kuwauzia hicho. Wekeni ndoo iwe ngoma. Wekeni boksi kubwa la kartoni, mtoto mmoja aingie ndani awe msichana anayeimba. Mkubwa mwenye sauti iliyoanza kukwaruza awe zimwi, atafurahi kupewa kazi badala ya kuambiwa yeye amekua. Mdogo kabisa akae mapajani kwa mama. Wimbo tungeni wenyewe, mfupi, urudiwe mara nyingi. Nyumbani kwangu tunaimba, "Mama, baba, niko ndani, simbi yangu imeniponza," na kuna majirani wasiojua neno la Kiswahili ambao sasa wanauimba.

Kuhusu boga lenyewe, machache ya mikono. Lile kubwa la kuchonga si tamu. Lina maji na nyuzi. La kupika nunueni yale madogo mazito, yapikeni kwa nazi na sukari kidogo na iliki kama wanavyofanya watu wa pwani wakati wa futari. Kubwa lichongwe siku mbili tatu kabla ya siku yenyewe, maana likichongwa mapema linaoza na kunyauka. Mkikata kifuniko, kisu kiingie kwa mshazari kuelekea katikati. Mkikata wima kifuniko kitatumbukia ndani. Kisu kishikwe na mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu achore uso kwa kalamu ya wino, hata kama jicho litakuwa shavuni. Mtoto wa miaka saba achote matumbo ya boga kwa kijiko. Wengi watasema kinyaa, kisha hawataki kuacha. Ndani wekeni taa ndogo ya betri badala ya mshumaa. Nasema hili kwa mkazo: mavazi ya Halloween ni marefu, mepesi na yanashika moto haraka, na watoto hupita karibu na maboga wakikimbia.

Mbegu msitupe, tafadhali. Wakongomani humu ndani mtanielewa, mtu anawezaje kutupa mbika? Zioshwe, zikaushwe kwa kitambaa, zipakwe mafuta na chumvi, zienezwe kwenye trei ya oveni kwa nyuzi 325 za Fahrenheit, dakika 20 hivi, huku mkizigeuza mpaka zianze kupasuka na kunukia. Wanaopenda pilipili waongeze. Ile harufu ndiyo itakayobaki na mtoto. Atakapokuwa na miaka arobaini, popote atakapokuwa, akisikia harufu ya mbegu za maboga atarudi jikoni kwenu.

Na mchezo wa mandazi: fungeni andazi kwenye uzi, ning'inizeni kwenye mlango au kwenye kamba ya nguo, mtoto aweke mikono nyuma na alile lote bila kulishika. Waairishi walifanya hivi kwa tufaha, Wamarekani wanafanya kwa donati. Andazi la iliki linawashinda wote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Kuna watoto wetu ambao hofu kwao si mchezo. Wapo waliozaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakalala chini ya turubai, wapo waliokimbia usiku wakiwa mgongoni, wapo walioona maiti halisi. Mtoto huyo anapita mtaani anaona mkono wa plastiki wenye damu umetokeza ardhini, anaona mtu amening'inizwa mtini, halafu kijana aliyevaa kinyago anaruka kutoka kichakani na mashine inayonguruma. Wenzake wanacheka. Yeye anaganda. Na pengine mzazi wake, aliye pembeni, naye anaganda. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Msimwambie, "Acha uoga, ni mchezo tu." Mwili wake haujui kwamba ni mchezo.

Yako mambo yanayosaidia, na nimeyaona yakisaidia. Siku mbili kabla, mchana jua likiwa juu, tembeeni naye mtaani mkono kwa mkono. Msogeze kwenye kile kiunzi cha mifupa ya plastiki, kiguseni wote wawili, kigeuzeni mwone bei na jina la kiwanda mgongoni. Akitaka, akipe jina kile kiunzi, na majina ya kuchekesha ndiyo mazuri zaidi. Usiku wenyewe mnapita nyumba mnazozijua tu. Kubalianeni ishara, kwa mfano akibana mkono wako mara mbili mnarudi nyumbani, na akibana mnarudi kweli, bila swali, bila "nyumba moja tu ya mwisho." Mtoto akishajua kwamba mlango wa kutoka uko wazi, mara nyingi hataki kutoka. Na kama hataki kwenda kabisa, mpeni cheo: yeye ndiye mgawaji wa pipi mlangoni. Anafungua, anasema karibuni, wanaoogopesha wanasimama mbele yake wakimwomba. Nimemwona binti aliyekuwa akijificha chini ya meza akigawa pipi jioni nzima, akiwakatalia watoto wakubwa kuliko yeye mpaka wamtegee kitendawili.

Mavazi hayana haja ya fedha nyingi. Kitenge cha mama na kilemba ni malkia. Boksi lenye rangi ni basi, ni roboti, ni nyumba isiyo na mlango. Jambo moja tu la hali ya hewa: hapa mwisho wa Oktoba ni baridi, na mwaka 1991 Halloween ilileta dhoruba ya theluji Minnesota na barafu nzito huku Iowa. Shoneni au nunueni vazi linaloingia juu ya koti. Mtoto aliyevaa koti juu ya mabawa yake ya kipepeo amenyimwa mabawa. Badala ya kinyago pakeni rangi usoni, na ijaribuni kwanza kwenye mkono siku moja kabla. Kinyago kinaziba macho pembeni.

Na macho ndiyo anayoyahitaji kuliko yote, kwa sababu hatari halisi ya usiku huu ni magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopitia ajali za Marekani za miaka 42, ulionyesha kwamba jioni ya Halloween hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari ni asilimia 43 zaidi kuliko jioni za kawaida za siku zinazokaribiana nayo. Hapa kwetu jua linazama saa 12 na dakika kama 10, yaani watoto wanaanza kutembea giza likiingia. Bandikeni utepe unaong'aa mgongoni na kwenye mfuko wa pipi, wapeni tochi, vukeni kwenye kona tu. Na ninyi mtakaokuwa mnaendesha kwenda kazini saa hizo, nawaomba, mtaa wa watu ni mwendo wa kutambaa.

Ile habari ya pipi zenye sumu tunayotumiana kila mwaka kwenye WhatsApp nayo tuiweke mahali pake. Profesa Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amechunguza visa hivyo vya tangu mwaka 1958, na hajapata hata kimoja kilichothibitishwa cha mtoto aliyeuawa na pipi ya mtu asiyemjua. Kisa kinachojulikana sana, cha Texas mwaka 1974, muuaji alikuwa baba wa mtoto mwenyewe. Kagueni mifuko, ndiyo, lakini mkitafuta karanga kwa mtoto mwenye mzio, na peremende ngumu kwa walio chini ya miaka minne, maana hizo zinakaba koo. Mkiona boga la rangi ya samawati-kijani kwenye kibaraza, nyumba hiyo ina zawadi zisizo za kula. Ni alama iliyoanzia Tennessee mwaka 2012, na ni heri kwa familia zenye watoto wa mzio.

Pipi zikishafika nyumbani, mwageni zote sakafuni na mfungue soko. Watoto wetu wana damu ya biashara. Waacheni wabadilishane kwa Kiswahili tupu, bei gani, punguza, ongeza moja. Mwenye kusema Kiingereza anatozwa pipi moja. Mtashangaa mtoto aliyekuwa anajibu "yes" kwa kila swali anavyojua kusema "hapana, umenipunja."

Na kuna jambo moja ambalo nataka watoto wetu walijue kuhusu nchi hii. Tangu mwaka 1950, watoto wa Marekani wamekuwa wakizunguka usiku wa Halloween na visanduku vya kukusanyia senti za UNICEF. Lilianza Pennsylvania na familia moja iliyotaka watoto wao wawakumbuke watoto walioumizwa na vita. Wengi wetu humu tunaijua ile nembo ya buluu. Tuliiona kwenye mahema ya shule, kwenye mabegi ya madaftari, kwenye pampu za maji. Mwambieni mtoto wako hilo akiwa anahesabu pipi zake. Mwambie kwamba kabla hajazaliwa, kulikuwa na mtoto asiyekujua aliyebisha hodi mtaani kwake kwa ajili ya watoto kama wewe mzazi ulivyokuwa. Na kama mtapenda, wekeni kopo mezani, kila mmoja atie senti kidogo.

Namalizia na zamu. Najua wengi wenu jioni hiyo mtakuwa kiwandani kwenye nyama au kwenye maghala, na hamwezi kuomba ruhusa. Halloween ya nyumbani haihitaji tarehe 30 wala 31. Fanyeni Jumamosi iliyotangulia, mchana, mzazi akiwa amelala akaamka. Mtoto hataulizia kalenda. Atakumbuka kwamba baba alikuwa zimwi.

Ndiyo maana tumepanga kukutana hapa Jumamosi hiyo, saa 9 alasiri. Kila familia ije na boga moja, kijiko kikubwa, na kitendawili ambacho familia nyingine haijakisikia; wazee mtakuwa waamuzi. Akina mama wa mandazi tumeshaelewana. Visu vitabaki kwenye meza ya watu wazima na hakuna mtoto atakayevigusa. Msiokuwa na usafiri andikeni majina kwenye karatasi iliyo pale mlangoni, na wale msioadhimisha njooni kwa ajili ya ngano tu, mtakaa upande wa ngoma. Maboga ya ziada yako nyuma ya gari langu, chukueni mnapotoka. Na wewe baba wa Kigoma mwenye ngoma halisi, usije mikono mitupu, ndoo tumezichoka.